Tunamlilia Sonbai, twampita dada wa Garsen

Kama umelelewa Pwani, sinema za Kihindi hukufundishwa na mtu. Ulizikuta nyumbani. Mama anachagua mchele huku jicho moja liko kwenye runinga, shangazi anatafsiri Kihindi ambacho hajawahi kukisomea, na wote mnajua steringi hawezi kufa kabla ya wimbo wa mwisho. Kuanzia Mombasa, Malindi na Lamu hadi pale Garsen kwenye njia panda ya kwenda Hola, watu wamezitazama picha hizi kwenye kumbi, kisha kwenye vibanda vya video, na sasa kwenye simu, bando likiruhusu.

Kuna kisa kimoja ambacho hatukichoki. Msichana wa familia duni anapendwa na kijana wa ukoo wa juu. Wazee wanakataa katakata. Msichana hana tabia mbaya, hana deni, hajamkosea mtu. Kosa lake ni mahali alipozaliwa. Hapo sote tunakasirika. Tunamtukana baba wa kijana kana kwamba anatusikia, na mapenzi yakishinda mwishoni tunafuta machozi na kwenda kulala tukiwa tumeridhika kwamba sisi ni watu wa haki.

Sasa jibu hili bila kuangalia pembeni. Wewe kijana wa Garsen au Hola, au wewe uliyehamia Mombasa na Nairobi lakini ukiulizwa kwenu bado unasema Tana River: ukimwambia mama kwamba umepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni wa jamii ya Waata, nyumbani kutakuwaje?

Wengine mmecheka. Wengine mmenyamaza. Kimya hicho ndicho tunachotaka kukizungumzia leo.

Kikao cha wanaume

Tuanze na picha yenyewe. Kama hujawahi kuicheki *Mirch Masala* ya mwaka 1987, itafute. Imeongozwa na Ketan Mehta, na kisa chake ni cha kijiji kimoja huko India enzi za ukoloni wa Mwingereza. Mkusanya kodi, anayeitwa subedar, anaingia na askari wake na kujichukulia atakacho: kuku, nafaka, wanawake. Siku moja anamtaka Sonbai, aliyeigizwa na Smita Patil. Sonbai anamzaba kofi, anatimua mbio na kujificha katika kiwanda cha kusaga pilipili ambako wanawake wenzake wanafanya kazi. Mlinzi wa pale, mzee Mwislamu anayeitwa Abu Mian, anafunga lango na kukataa kulifungua.

Subedar ni mwovu, na uovu wake hajauficha. Kinachoumiza zaidi ni kile wanachokifanya wanaume wa kijiji. Wanakaa kikao. Wanapima: mwanamke mmoja, au kijiji kizima kisumbuliwe? Wanaafikiana kwamba heri atolewe. Hakuna anayemwita Sonbai aseme lake. Mumewe mwenyewe hayupo, amesafiri kikazi. Hata baadhi ya wanawake walio ndani ya kiwanda wanaanza kumlaumu: kwa nini atuponze sote? Mwisho sitausimulia wote, ila jua kwamba pilipili ile haikuishia kwenye mchuzi.

Ondoa vilemba, ondoa pilipili, weka mti na viti vya plastiki. Kikao hicho unakijua. Kwetu kina jina: maslaha. Binti ameharibiwa, na badala ya kesi kufika kituo cha polisi, wazee wa pande mbili wanakaa, wanataja idadi ya mifugo, wanapeana mikono, na jambo linaitwa limekwisha. Katika Tana River na kaunti jirani za kaskazini, wanaharakati, machifu na hata waendesha mashtaka wamelalamikia mtindo huu kwa miaka mingi, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inahitaji shahidi, na shahidi akishaambiwa na babake anyamaze, faili inafungwa.

Tuwe wakweli pia: wazee hao wanafanya mengi mazuri. Wamepatanisha watu waliokuwa wanachinjana. Suluhu ya malisho na maji inawahitaji. Tatizo linaanza pale mwili wa msichana unapojadiliwa kama malisho, na mwenye mwili hayupo kikaoni.

Tabaka lipo, hata kama hatuliiti hivyo

Msee mmoja atasema: haya ya matabaka ni ya India, sisi tuna ukabila tu. Hapana. Ni vitu viwili tofauti.

Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika sensa ya mwaka 2019. Ukiuliza ni akina nani, utatajiwa haraka Wapokomo wakulima, Waorma na Wardei wafugaji, kisha Wamunyoyaya na Wamalakote. Waata watatajwa mwisho, kama watatajwa. Hawa ni watu wa asili ya uwindaji na asali, wanaozungumza lugha ya jamii moja na Kiorma, na waliosifika kwa upinde mkubwa ulioweza kumwangusha ndovu. Majirani na wageni waliwabandika majina mengine, Wasanye, Waliangulu, na mengine yakawa matusi. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, na msako wa wawindaji ukapamba moto katika miaka ya 1950, riziki waliyorithi iligeuka kuwa jinai. Wengi walifungwa jela kwa kazi ambayo babu zao waliifanya mchana kweupe.

Mpokomo na Muorma wanapogombea mto, wanagombana kama watu wa kimo kimoja. Kila mmoja anamwogopa mwenzake. Tabaka ni jambo jingine kabisa. Miongoni mwa wafugaji wa jamii ya Waoromo, na Waorma wakiwemo, Waata kwa vizazi waliwekwa chini: wanaitwa kwenye shughuli fulani za kimila, wanahitajika, lakini hawaozwi wala hawaoi nje ya kwao. Majirani wengine wa Pwani nao hawana haki ya kujisifu, kwani dharau hiyo waliiokota na kuitumia. Hapo huhitaji kugombana na mtu ndipo umdunishe. Unamdunisha kwa kumpita tu.

Katiba yetu ya mwaka 2010 ililiona hili. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na katika orodha ya sababu zilizokatazwa kimetaja jinsia, asili ya kikabila, asili ya kijamii, na hata kuzaliwa. Kuzaliwa! Yaani kile hasa tunachokililia kwenye sinema za Kihindi kimeandikwa katika sheria ya Kenya, lakini hukisikii kikizungumzwa kwenye mkutano wa hadhara Garsen.

Sasa mweke mwanamke ndani ya picha hiyo. Anayetoka katika jamii inayoitwa ya chini anabeba mizigo miwili. Nje ya boma anaambiwa si wa kimo cha wengine. Ndani ya boma anaambiwa yeye ni mwanamke. Hadithi za kale za Tsavo zimejaa wawindaji wanaume na pinde zao. Aliyebaki nyumbani na watoto wakati mumewe yuko jela, hadithi hizo zinamgusa kwa nadra sana.

Wala mzigo wa kijinsia haumpati yeye peke yake. Binti wa mfugaji tajiri naye anaweza kukeketwa na kuozwa kabla ya wakati. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ipo tangu mwaka 2011. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema miaka 18, si chini. Mwezi Machi mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kutaka sheria ya ukeketaji ifutwe. Na kuna hatua: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kutoka asilimia 21 mwaka 2014. Lakini wastani wa taifa unaweza kukudanganya. Tana River ingali katika orodha ya serikali ya kaunti 22 ambako desturi hiyo bado ina mizizi.

Kamera hufika kwa damu na mafuriko

Basi tuulizane: ukiambiwa utaje filamu moja ambayo steringi wake ni msichana wa Waata, utataja ipi? Ukiambiwa utaje ya msichana wa Kiorma aliyekataa kisu, au wa Kipokomo aliyekataa kuozwa?

Si kwamba kamera hazijui njia ya Garsen. Zinaijua vizuri. Zilifika Agosti mwaka 2012, kijiji cha Riketa kiliposhambuliwa na zaidi ya watu 50 kuuawa, wengi wao wanawake na watoto. Mto Tana ukivunja kingo zake na barabara ya Hola kukatika, zinarudi. Zinapiga picha ya mama aliyebeba sufuria kichwani katikati ya maji, zinaondoka. Yule mama hatumsikii akisema zaidi ya sekunde kumi, na katika sekunde hizo anaomba msaada. Kwa macho ya nchi, mwanamke wa Mto Tana ni mtu wa kuhurumiwa. Kwamba ana mawazo, hasira, utani, na mipango yake, hiyo haijaonyeshwa.

Hii ndiyo maana sinema ni muhimu, na si burudani tu. Taarifa ya habari inakuonyesha kilichompata mtu. Filamu nzuri inakulazimisha ukae naye saa moja na nusu, uone anavyoamua. Ousmane Sembène wa Senegal alilijua hilo alipotengeneza *Moolaadé* mwaka 2004. Wasichana wanakimbia ukeketaji na kwenda kwa mama mmoja, Collé, naye anafunga kamba mlangoni mwake kama ishara ya hifadhi. Ni kamba tu, mtu anaweza kuiruka. Lakini kwa imani ya kijiji hicho hakuna anayethubutu. Yaani mama huyo hakuazima silaha kutoka mjini wala Ulaya. Alichukua mila ileile na kuigeuza ngao. Na wanaume wa kijiji wanafanyaje? Wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma moto. Wanajua mahali hatari ilipo: mwanamke anayesikia habari za kwingine.

Hata hapa kwetu mifano ipo. Mwaka 1992 Anne Mungai alitengeneza *Saikati*, kisa cha msichana Mmaasai anayekimbia ndoa ya kupangiwa na kuingia Nairobi, akakuta mji nao una bei yake ya kumuuza msichana. Hilo ni somo kwetu tunaodhani kumtoa msichana kijijini na kumleta mjini ndiyo ukombozi. Karibu zaidi na Garsen, hapo jirani Kilifi, kuna *The Letter* ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019 na kuchaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Kijana anayeishi mjini anaona kwenye Facebook kwamba nyanya yake ameitwa mchawi. Anarudi nyumbani kuuliza. Polepole unagundua kwamba nyuma ya neno uchawi kuna shamba, na kuna watu wanaolitaka. Nyanya mwenyewe hapigi kelele. Anaendelea kulima na kuimba. Lakini ukimaliza kutazama, huwezi tena kusikia mzee akiitwa mchawi bila kuuliza ana ekari ngapi.

Tafakari filamu kama hiyo ingefanya nini kwa neno maslaha, au kwa jina Waata linapotamkwa kama tusi.

Lakini hadithi ni ya nani?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu kuna mtego. Vijana wengi wanaopenda sinema watasoma haya na kusema: fiti, wikendi ijayo tunapanda basi na kamera, tunaenda Garsen. Pole pole.

Filamu maarufu kuliko zote kuhusu mwanamke aliyepambana na tabaka ni *Bandit Queen* ya Shekhar Kapur, mwaka 1994. Inamhusu Phoolan Devi, mwanamke wa kweli, wa jamii ya Mallah iliyohesabiwa ya chini, aliyeozwa akiwa mtoto, akabakwa na wanaume wa tabaka la juu, akageuka kuwa kiongozi wa genge, akajisalimisha mwaka 1983, na baadaye, mwaka 1996, akachaguliwa mbunge. Dunia ilipiga makofi. Phoolan Devi mwenyewe hakupiga. Alienda mahakamani kutaka filamu hiyo izuiwe, akisema maisha yake yameonyeshwa jinsi asivyoafiki. Alikuwa hai, anapumua, na watu walinunua tiketi kutazama akibakwa upya kwenye skrini. Mwandishi Arundhati Roy aliuliza wakati huo: kwa ruhusa ya nani? Shauri liliishia kwa kulipwa fidia, lakini swali lile halikulipwa.

Ona mzunguko huo. Wanaume wa kijiji waliamua juu ya mwili wake bila kumuuliza. Kisha watu wema, wanaompenda, waliamua juu ya hadithi yake bila kumuuliza. Kikao kilihama tu, kutoka chini ya mti hadi chumba cha kuhariria picha.

Ndiyo maana tunawaelewa wazee wa Garsen wanaposema msituanike. Sehemu ya maneno hayo ni ujanja wa kuficha uovu, na tusiukubali. Lakini sehemu nyingine ni kweli: wamechoka kuwa majeruhi katika picha za watu wengine. Waorma hawataki kuchorwa wote kama wakatili, na wana haki, maana kati yao kuna akina mama na maimamu waliosimama hadharani dhidi ya ukeketaji wakati sisi wa mjini tulikuwa tunalike tu. Waata nao hawataki kugeuzwa makumbusho yenye upinde.

Msimamo wetu ni huu. Filamu ya mwanamke wa Mto Tana inahitajika, na inahitajika sasa. Lakini iwe kikao ambacho safari hii na yeye amekaa.

Maana yake kwa vitendo ni nini? Kwanza, msichana wa Garsen afundishwe kushika kamera, si kushikiwa. Simu aliyo nayo mfukoni inatosha kuanzia. Kinachokosekana ni mafunzo, kipaza sauti kizuri na mtu wa kumwambia hadithi yake ina thamani. Serikali ya kaunti na Tume ya Filamu ya Kenya zinapopanga mafunzo ya vijana, yasiishie Mombasa na Malindi.

Pili, lugha. Acha mama aseme Kiorma, Kipokomo au Kiwaata, na maandishi ya Kiswahili yapite chini. Mtu hasemi uchungu wake vizuri kwa lugha ya kuazima.

Tatu, idhini ya kweli. Aliyeonyeshwa aione filamu kabla yako na mabeste zako mtandaoni, na akisema kipande hiki kitoke, kitoke. Akiwa ni mtoto, sura na jina visionekane kabisa. Hiyo ni sheria, tena ni utu. Wewe ukishapata vyuu zako unarudi Nairobi. Yeye anabaki kuchota maji kisima kimoja na waliomdhulumu.

Nne, ionyeshwe Garsen kwanza. Shuka jeupe, jenereta, uwanja wa shule, usiku. Waite wazee wakae mbele. Filamu iliyozunguka matamasha ya Ulaya bila kutazamwa na kikao inachokizungumzia imekimbia kazi yake.

Wimbo tunaousimamia

Kuna jambo Wakenya wengi hawalijui. Wimbo wetu wa taifa, huu tunaousimamia wima kila gwaride, muziki wake ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River ndiye aliyeutoa, na ukakubaliwa wakati wa uhuru mwaka 1963. Yaani sauti ambayo akina mama wa Mto Tana waliitumia kulaza watoto wao imekuwa ikisimamisha rais, majeshi na mabalozi kwa zaidi ya miaka 60. Nchi iliyochukua wimbo wa mama huyo inaweza kukaa saa moja na nusu kumsikiliza akizungumza.

Lakini usingoje filamu. Swali la mchumba wa Waata bado liko mezani, na halihitaji bajeti. Wikendi hii ukipiga simu nyumbani, muulize mama, kwa heshima, angesemaje. Mwache aseme mpaka amalize, hata kama hutapenda atakachosema. Kisha muulize alikisikia kwa nani.

Na usimrekodi.